Kifaa Kinasema Umefika, Mkono Unakataa: Kutatua Matatizo ya Vifaa vya Kuongoza Sindano ya Epidurali

Nafasi ya epidurali, ile ya mgongoni tunamotia ganzi, ni upenyo wa milimita chache, umejaa mafuta na mishipa ya damu, umebanwa kati ya kano ya njano upande wa nyuma na dura, utando unaozuia maji ya uti wa mgongo, upande wa mbele. Sindano ya Tuohy tunayoipeleka huko ni nene, geji 16 hadi 18. Ikisimama kabla ya kuvuka kano, ganzi inamwagikia kwenye nyama. Ikipitiliza kidogo, dura inatoboka na maji ya uti wa mgongo yanatoka. Katika upana huo mdogo ndimo vifaa vyetu vyote vinapojaribu kutusaidia: bomba la kupima ukinzani, bomba la springi, kibofu cha kiashiria, mashine ya kusoma shinikizo, altrasaundi, transdusa ya mpigo (kifaa kinachogeuza shinikizo kuwa wimbi kwenye monita) na kichocheo cha umeme.

Hakuna hata kimoja kati yao kinachoijua nafasi yenyewe. Bomba linajua shinikizo tu. Altrasaundi inajua mwangwi. Transdusa inajua mpigo, na kichocheo kinajua kama msuli umeshtuka. Kwa hiyo kifaa kikikupa jibu lisiloeleweka, swali la kwanza ni hili: kimepima nini hasa, na ni kitu gani kingine kinachoweza kutoa kipimo hichohicho? Mwongozo huu unapita dalili moja baada ya nyingine kwa swali hilo. Ni kwa walio na mafunzo ya kutoa ganzi na kwa mafundi wa vifaa tiba wanaowahudumia. Hauwezi kuchukua nafasi ya msimamizi aliyesimama kando yako.

Kabla ya kuulaumu mgongo

Matatizo mengi niliyoyaona yakiitwa "mgongo mgumu" yalikuwa mezani tangu mwanzo. Jaribu bomba kabla mgonjwa hajainama. Livutie maji ya chumvi, ziba ncha kwa kidole chenye glavu, kisha sukuma pistoni. Lisivuje popote. Achia kidole: pistoni iteleze bila kukwama na bila kusukumwa kwa nguvu. Bomba la kioo lililokauka hukwama, na pistoni iliyokwama huhisiwa mkononi sawasawa na kano ngumu. Lilowanishe ndani kwa maji ya chumvi na uzungushe pistoni mara kadhaa. Likiendelea kukwama, liweke kando. Usilitumie kwa matumaini.

Kisha angalia maungio. Viungio vya NRFit, vinavyofuata kiwango cha ISO 80369-6 cha mwaka 2016, ni vidogo kidogo kuliko vile vya zamani vya Luer, na vilitengenezwa makusudi ili dawa ya mshipani isiweze kuunganishwa kwenye mgongo. Bomba la aina moja halishiki vizuri kwenye sindano ya aina nyingine. Kama pakiti imechanganya aina mbili, usilazimishe wala usitafute kiungio cha kati. Hicho kinarudisha hatari ileile iliyokusudiwa kuondolewa. Tafuta seti kamili.

Dalili: ukinzani unaachia mapema mno

Sindano imeingia sentimita tatu, pistoni inateleza, na kila mtu chumbani anapumua. Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pengine popote, na inafaa tupachukulie muda.

Sababu ya kwanza ni kutoka nje ya mstari wa kati. Misuli iliyo kando ya uti wa mgongo haina ukinzani mkubwa. Maji yanaingia bila kupingwa, na mkono unaona kama umevuka kano. Sababu ya pili ni kano inayounganisha miiba ya pingili. Kwa baadhi ya watu ina mapengo na mashimo madogo, na kwa wajawazito hulainika kwa sababu ya homoni. Ya tatu: kano ya njano yenyewe huwa nusu mbili, kushoto na kulia, na wakati mwingine nusu hizo hazijaungana vizuri katikati. Hapo hutaupata ule ugumu unaotangulia kuachia. Ya nne ni ya kifaa: bomba lisilokazwa sawasawa kwenye kitako cha sindano. Maji yanatoka kwenye kiungio, si kwenye ncha. Angalia kama glavu imelowa.

Sasa utambuzi. Sindano ya Tuohy ina alama kila sentimita moja, soma kina. Kwa watu wazima wengi nafasi hii iko kati ya sentimita 3.5 na 6 kutoka kwenye ngozi upande wa kiuno, ingawa kwa wanene inaweza kuzidi sana. Kama altrasaundi ilikupa sentimita 5 na bomba limeachia kwenye 3, mashaka yako yana msingi.

Wengi hufundishwa kwamba jawabu ni kujaza bomba tena na kusonga mbele ili kuona kama ukinzani utarudi. Ni kweli ukirudi umejua kwamba ulidanganywa. Lakini kama haukudanganywa, kila milimita unayoongeza inakupeleka kwenye dura. Kwa hiyo mimi huanza na majaribio yasiyosogeza sindano. Ingiza mililita chache za maji ya chumvi, subiri, jaribu tena: kwenye misuli, shinikizo hupanda kadiri unavyoongeza, na maji hurudi bombani ukiachia. Jaribu kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba wa kupitishia ganzi: kwenye nafasi halisi huwa inapita, mahali pengine hukwama kwenye ncha. Na kama katheta imekwama baada ya kuvuka ncha, usiivute kurudi kupitia sindano. Toa sindano na katheta pamoja. Ncha ya Tuohy imepinda na ina makali. Inaweza kuikata katheta na kukiacha kipande ndani ya mgonjwa.

Majaribio hayo yote yakikanusha, na kina bado ni kidogo, hapo ndipo unapoongeza sindano, kidogo kidogo, shinikizo likiwa halikatiki kwenye pistoni.

Neno kuhusu hewa. Bomba lililojazwa hewa linadunda hata likiwa salama, na mpaka kati ya ukinzani wa kweli na wa uongo unafifia. Hewa nyingi ikiingia inaweza kuacha sehemu zisizoshika ganzi, na kama dura imetoboka inaweza kupanda hadi kichwani na kuleta maumivu makali papo hapo. Napendelea maji ya chumvi yenye kiputo kimoja kidogo cha hewa. Kiputo kikiminywa, bado uko kwenye kano. Maji yakienda na kiputo kikabaki na umbo lake, hakuna kinachopinga.

Dalili: ukinzani hauachii kabisa

Umefika kina ulichokitarajia, umekipita, na pistoni bado ni ngumu. Simama. Usiongeze hata milimita kabla ya kujua kama tundu la sindano liko wazi. Sindano iliyosogezwa bila waya wake wa ndani inaweza kubeba kipande cha nyama au kuzibwa na damu iliyoganda, na sindano iliyoziba haiwezi kuachia hata ikiwa katikati ya nafasi yenyewe. Bomba linasema "kano", ukweli ni "kizibo". Itoe, isukumie maji nje ya mwili, uone kama inatiririka.

Kama iko wazi na inagonga mfupa, kina kitakwambia ni mfupa gani. Mfupa wa karibu na ngozi kwa kawaida ni mwiba wa pingili: badilisha mwelekeo kwenda juu au chini. Mfupa wa ndani zaidi mara nyingi ni bamba la nyuma la pingili, maana yake umeachana na mstari wa kati. Muulize mgonjwa anaihisi sindano upande gani. Kifaa hiki hakigharimu kitu na tunakisahau: wagonjwa wengi wanajua kabisa kama unawachoma kushoto au kulia. Rudisha sindano hadi karibu na ngozi kabla ya kubadilisha mwelekeo. Ukiipinda ikiwa ndani inageuza ncha kidogo sana, na inaumiza.

Bomba la springi na kibofu cha kiashiria

Vifaa kama Episure na Epidrum vinauachia mkono kazi moja tu, yaani kuisogeza sindano. Katika bomba la springi, springi ndiyo inayosukuma pistoni muda wote. Ncha ikifika mahali pasipo na ukinzani, maji yanaondoka yenyewe mbele ya macho yako. Kibofu hukaa kati ya sindano na bomba, kikiwa kimejazwa hewa, na husinyaa sindano ikiingia kwenye nafasi.

Kikishuka mara tu unapokiunganisha, sindano haijafika kwenye kano. Uliunganisha mapema, na kifaa kimefanya kazi yake vizuri kabisa: kimekuta tishu laini kikaachia. Toa, ingiza sindano hadi ishikwe na kano kiasi cha kusimama bila kushikiliwa, kisha unganisha upya.

Kikishuka polepole, kwa sekunde kadhaa, tafuta uvujaji kwenye kiungio kabla ya kutafuta chochote mwilini. Kuachia kwa kweli ni kwa ghafla. Kisiposhuka kabisa ilhali umepita kina kilichotarajiwa, rudi kwenye sindano iliyoziba. Na kumbuka kwamba springi haijui tofauti kati ya shimo la kwenye kano na nafasi ya epidurali; yote yaliyosemwa juu ya kuachia mapema yanaihusu.

Mashine ya kusoma shinikizo: namba inashuka, kisha inapanda

Mashine kama CompuFlo, iliyopata kibali cha mamlaka ya Marekani FDA mwaka 2017, husukuma maji taratibu na kuonyesha shinikizo la kwenye ncha kwa grafu na kwa mlio. Ndani ya kano ya njano namba inaweza kupita milimita 100 za zebaki. Ukivuka, inaanguka. Faida yake kubwa ni kwamba wote chumbani wanaona na kusikia, hata mwanafunzi na mwalimu wake wakawa na jambo moja la kujadili.

Hapa muda ndio unaotofautisha. Anguko la kweli linabaki chini. La uongo linashuka, kisha ndani ya sekunde chache linaanza kupanda, kwa sababu maji yamejaza kishimo na hayana pa kwenda. Usiondoe macho kwenye grafu kwa furaha ya mlio wa kwanza. Hesabu walau hadi tano, sindano ikiwa imetulia.

Namba ikiwa juu tangu mwanzo, kabla ya kuchoma, mrija umekunjwa au koki imefungwa. Ikiwa chini na haipandi hata ndani ya kano, kuna hewa au uvujaji mahali fulani: jaza mrija upya hadi kiputo cha mwisho kitoke. Inayorukaruka kila mgonjwa anapokohoa au uchungu unapobana inasoma mwili, si hitilafu. Subiri apumue.

Altrasaundi: picha ipo, lakini haisaidii

Kupapasa kwa vidole kunadanganya kuliko tunavyopenda kukiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Anaesthesia uliwalinganisha wataalamu wa usingizi na picha za MRI, na walikuwa wametaja pingili sahihi kwa asilimia 29 tu ya majaribio. Mara nyingi walikuwa juu kuliko walivyodhani. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kukubali altrasaundi kwa epidurali Januari 2008, na tangu hapo sioni sababu ya kuiacha kabatini pale ilipo.

Kama huoni kitu ila ukungu, kichwa cha mashine huenda si chenyewe. Mgongo wa mtu mzima unahitaji kile kilichopinda, cha megahetsi 2 hadi 5. Kile bapa cha kutafutia mishipa kina picha safi ajabu, lakini kwa wengi hakifiki. Ongeza kina hadi sentimita 8 au zaidi, ongeza jeli, na mwombe mgonjwa akunje mgongo. Mfupa unazuia mawimbi yote, na unachokitafuta ni dirisha kati ya mfupa na mfupa. Ukiona mistari miwili inayong'aa, mmoja wa kano na dura, mwingine wa ndani zaidi mbele ya mfereji, dirisha liko wazi. Ukiona mmoja tu usioeleweka, inamisha kichwa cha mashine kidogo upande wa juu, au hamia nafasi nyingine.

Kuhesabu pingili anzia chini. Sakramu, mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, inaonekana kama mstari mrefu usiokatika. Pengo la kwanza juu yake ni kati ya L5, pingili ya tano ya kiuno, na S1, mwanzo wa sakramu. Baadhi ya watu wana pingili ya tano iliyoungana na sakramu, na hapo hesabu inateleza kwa moja. Ikikuacha na shaka, chagua nafasi ya chini zaidi.

Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara ni haya: "Altrasaundi ilisema 5, nimekuta 5.7." Haikukosea. Ulipokandamiza kichwa cha mashine, uliminya mafuta ya chini ya ngozi, na umbali ukapungua. Sindano yako ikapita kwenye mafuta yaliyorudi mahali pake, tena pengine kwa pembe tofauti. Kandamiza kidogo unapopima, na ichukulie namba hiyo kuwa onyo la lini uanze kwenda polepole. Upande wa pili wa kosa hilo ni hatari zaidi: kuamini kwamba bado una nusu sentimita, kumbe huna.

Na alama uliyoichora ikionekana haina maana tena, mgonjwa amejisogeza. Ngozi inateleza juu ya mfupa. Chora akiwa katika mkao uleule atakaochomwa nao, au upime upya. Mashine ndogo za mkononi zinazotambua mstari wa kati zenyewe zina udhaifu huohuo, pamoja na kuchanganyikiwa na mgongo uliopinda. Futa jeli yote kabla ya kuchoma, isije ikaingia na sindano.

Dalili: maji yanatoka kwenye sindano

Ni ya chumvi uliyosukuma, au ni ya uti wa mgongo? Ya chumvi hupungua na kukoma. Ya uti wa mgongo huendelea, na tone lake kwenye mkono wako ni la uvuguvugu. Ukanda wa kupimia sukari utaonyesha sukari kwenye maji ya uti wa mgongo na hautaonyesha kwenye maji ya chumvi matupu, ila damu kidogo ikichanganyika kipimo hicho kinapoteza thamani. Ukibaki na shaka, ichukulie kuwa dura imetoboka.

Hapo kifaa hakina la kusema tena; kuna uamuzi tu. Ama katheta inapitishwa ndani ya maji hayo, inaandikwa kwa herufi kubwa na kila anayeishika anaambiwa, kwa sababu kipimo cha dawa cha epidurali kikiingia humo kinaweza kusimamisha pumzi. Ama sindano inatolewa na kazi inaanza upya nafasi nyingine. Kwa wanaojifungua, takriban nusu au zaidi ya waliotobolewa kwa sindano za unene huu hupata maumivu ya kichwa yanayozidi wakikaa au kusimama. Mwambie mgonjwa siku hiyohiyo. Asiachwe ayagundue nyumbani.

Katheta imeingia, lakini kipimo cha uthibitisho kimya

Wimbi la mpigo ni njia ninayoipenda kwa sababu inatumia vifaa ambavyo vyumba vingi vya upasuaji tayari vinavyo: transdusa ileile ya shinikizo la mshipa na monita ileile. Ukiunganisha katheta au sindano iliyojaa maji, nafasi ya epidurali inaonyesha wimbi dogo linalofuata moyo.

Mstari ukiwa bapa, usiitoe katheta bado. Fungua koki. Ondoa hewa, kiputo kimoja kinatosha kulimeza wimbi dogo kama hili. Sukuma mililita chache za maji ya chumvi kupitia katheta. Punguza kipimo cha monita, kwa kuwa wimbi lililo la kuonekana kwenye kipimo kidogo linalala kabisa kwenye kile cha shinikizo la ateri. Bado bapa? Sasa unaweza kuishuku katheta. Kinyume chake pia kipo: maji ya uti wa mgongo nayo yanapiga mpigo, hivyo wimbi zuri halikuondolei wajibu wa kuvuta bomba uone kama damu au maji yanarudi, na kutoa dozi ya majaribio, yaani dawa kidogo ya kuonyesha kama katheta imeingia pasipotakiwa.

Kichocheo cha umeme kinahitaji katheta yenye waya au iliyojaa maji ya chumvi, na kiungio maalumu. Waya hasi huenda kwenye katheta, chanya kwenye ngozi. Misuli ikishtuka kati ya miliampea 1 na 10, katheta iko epidurali. Ikishtuka chini ya 1, huenda iko ndani ya dura au imeegemea mzizi wa neva. Isiposhtuka kabisa, uliza haya kwa mpangilio: betri, nguzo za waya zilizobadilishana, hewa ndani ya katheta, mgonjwa aliyepewa dawa ya kulegeza misuli, ganzi iliyotangulia. Ganzi ikishaingia, jaribio hili halisomeki tena. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa asifanyiwe.

Vipimo vyote vilikubali, ganzi imeshika upande mmoja

Pima katheta imeingia kiasi gani ndani ya nafasi. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Zaidi ya hapo ncha hupotea kando au kutokea penye mzizi wa neva. Ivute sentimita moja au mbili, ongeza dozi kwa uangalifu, mpe muda. Isipobadilika, ibadilishe mapema. Mwanamke aliye katika uchungu hapaswi kubebeshwa saa mbili za majaribio kwa sababu grafu ilikuwa nzuri.

Kifaa chenyewe kikishukiwa, kisitupwe kwenye takataka. Kiweke kwenye mfuko wake pamoja na pakiti yenye namba ya toleo, andika kilichotokea kwenye kina gani na kwa hatua gani, kikabidhi kwa fundi wa vifaa tiba kabla zamu haijabadilika, na uziondoe rafuni seti nyingine za toleo hilo hadi akupe jibu.